Jack Miner, Mfyatua Matofali Aliyewavika Mabata Pete

Wengi wa watu wanaosifiwa kwa elimu ya ndege walikuwa watu wa vyuo vikuu, wenye vitabu vingi na darubini nzuri. Mtu tunayeandika habari zake katika toleo hili hakuwa mmoja wao. Alisoma shuleni kwa muda wa miezi mitatu tu, na alipotimiza miaka 33 alikuwa bado hajui kusoma kitabu. Kazi yake ilikuwa kufyatua matofali. Walakini, kwa kipande cha alumini na anwani ya posta, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza wa Marekani ya Kaskazini kuonyesha kwa hakika njia wanazopita mabata wa porini, kutoka nchi za barafu mpaka nchi za joto na kurudi. Jina lake ni Jack Miner.

Alizaliwa tarehe 10 Aprili, 1865, katika kijiji cha Dover Center, jimbo la Ohio, Marekani. Jina lake kamili lilikuwa John Thomas Miner. Baba yake alikuwa mfyatua matofali mwenye watoto wengi na fedha kidogo, na Jack alipofikia umri wa kushika koleo akaanza kumsaidia. Mwaka 1878, yeye akiwa na miaka 13, jamaa yote ikahamia Kanada, ng'ambo ya pili ya Ziwa Erie, wakakaa karibu na mji mdogo wa Kingsville katika jimbo la Ontario. Sehemu hiyo iko kusini sana, karibu na ncha ya mwisho ya nchi ya Kanada, na wakati ule ilikuwa misitu mikubwa na vinamasi vyenye ndege na wanyama tele.

Miner na watu wa kwao wakaendesha kiwanda cha matofali na mabomba ya udongo. Mabomba hayo yana maana katika habari hii. Wakulima waliyanunua, wakayafukia chini ya mashamba yao ili yaondoe maji, na kilichokuwa kinamasi kikawa shamba la mahindi. Basi twaweza kusema ya kuwa mtu aliyekuja kuwa rafiki mkubwa wa mabata alipata sehemu ya riziki yake kwa kukausha makao yao. Watu wa siku zile hawakuona ajabu yo yote katika jambo hilo, kwa kuwa kinamasi kilihesabiwa kuwa ardhi iliyoharibika.

Baada ya kazi ya kiwandani Jack na ndugu yake Ted walichukua bunduki wakaingia mwituni. Hawakuwinda kwa mchezo tu. Waliwinda kwa biashara, wakiuza ndege na wanyama sokoni. Jack alikuwa na shabaha kali, tena aliijua misitu kama mtu aijuavyo nyumba yake, hata mtu akipotea porini yeye ndiye aliyeitwa kwenda kumtafuta.

Yafaa tukumbuke hali ya nyakati hizo. Siku alizozaliwa Miner, njiwa wa kuhama wa Marekani walikuwa wengi hata makundi yao yakipita angani yaliziba jua. Watu wakawaua kwa bunduki na nyavu, wakawapeleka mijini kwa magari ya moshi, na misitu walimozalia ikakatwa. Tarehe 1 Septemba, 1914, njiwa wa mwisho wa namna ile alikufa katika bustani ya wanyama ya mji wa Cincinnati, katika jimbo lile lile la Ohio. Muda wa miaka 49 tu ulitosha kuwamaliza. Mtu ye yote mwenye macho angeweza kujiuliza kama mabata nao watawafuata njiwa.

Mwaka 1898 msiba uliingia katika nyumba ya Miner. Ted, ndugu yake na mwenzake wa mawindo, alipigwa risasi kwa bahati mbaya katika safari ya kuwinda, akafa. Jack alihuzunika sana. Katika miaka hiyo hiyo ndipo alipoanza kuhudhuria darasa la Jumapili la kanisa, na humo, mtu mzima mwenye mke na watoto, akajifunza kusoma. Vijana waliokuwa darasani walijua zaidi kuliko yeye, naye hakuona haya kuwauliza. Wazazi waliopata kukaa katika madarasa ya watu wazima baada ya kazi, wenye mikono iliyozoea jembe na ambayo sasa yashika kalamu, watafahamu upesi kuliko wanafunzi jambo hilo linataka moyo wa namna gani.

Sasa tuje kwa ndege wenyewe. Wazee wetu wa pwani walimwita bata mkubwa wa namna hii bata bukini, na Bukini ndilo jina la kale la kisiwa cha Madagascar. Ndege wa Kanada hakupata kuiona Madagascar, lakini jina hili lamfaa, na hapa nitamwita bukini tu. Bukini wa Kanada ana shingo nyeusi ndefu, na shavuni ana alama nyeupe kama kitambaa kilichofungwa chini ya kidevu. Hula majani na nafaka. Wakisafiri huruka kwa mistari miwili inayokutana mbele kama kichwa cha mshale, huku wakipiga kelele zinazosikika mbali.

Miner alikuwa amewawinda bukini kwa miaka, na kuna jambo moja aliloliona likamkaa moyoni. Makundi yalipotua katika mashamba, wakulima na vibarua waliweza kupita karibu nao na ndege wasijali sana. Yeye alipotokea tu, hata akiwa mbali, walinzi wa kundi walinyosha shingo wakapiga kelele, na wote wakaruka. Akatambua ya kuwa ndege wale wanamjua yeye. Wamemjua kuwa ni adui. Akafikiri: kama ndege aweza kumjua adui yake kwa sura, basi aweza pia kumjua rafiki yake. Wazo lenyewe halikutoka kitabuni. Ni wazo la mwindaji anayewajua sana anaowawinda. Wataalamu wa siku zetu wamethibitisha ya kuwa ndege wa aina nyingi wanaweza kumtambua mtu mmoja kati ya wengi, na kumkumbuka.

Mwaka 1904 akanunua bukini 7 wa porini waliokuwa wamekamatwa na kukatwa manyoya ya mabawa wasiweze kuruka. Akawaweka katika bwawa lililokuwa mahali palipochimbwa udongo wa matofali, akawatilia mahindi, akangoja. Alitumaini ya kuwa bukini wanaopita angani wangewaona wenzao wametulia, nao washuke. Masika ya 1905 yakapita bila ndege hata mmoja kushuka, na ya 1906 vile vile, na ya 1907 pia. Majirani wakamcheka. Mtu aliyekuwa na kiwanda cha kuangalia na watoto wa kulisha alikuwa akitupa mahindi yake bwawani kwa ajili ya ndege ambao hawakuja.

Mwezi wa Aprili, 1908, wakashuka bukini 11.

Katika mwaka wa pili walirudi na wengine, wakawa zaidi ya 30, na katika mwaka wa tatu wakaja kwa mamia. Katika miaka hiyo ya mwanzo bado baadhi yao waliuawa kwa bunduki, maana Miner hakuwa mtu wa kukataza uwindaji wote, alitaka kiasi. Lakini karibu na bwawa palikuwa ni amani, na ndege walijua mpaka wake. Miaka michache baadaye kelele za bukini zilikuwa nyingi hata watu walisafiri kutoka miji ya mbali kwenda kusikiliza.

Wanafunzi wa elimu ya viumbe watauliza, na ni haki yao kuuliza, kwa nini hesabu ilipanda upesi namna hii. Jibu limo katika maisha ya bukini. Ndege huyu hashiki njia yake kwa silika peke yake. Dume na jike hukaa pamoja mwaka hata mwaka, mara nyingi mpaka mmoja afe. Jike hutaga mayai 4 mpaka 7 hivi, akayaatamia kwa muda wa wiki nne, na dume akalinda. Wakati makinda wanapokua, wazazi wao hupukutisha manyoya makubwa ya mabawa yote kwa pamoja, na kwa wiki kadhaa hawawezi kuruka kabisa. Ndiyo maana maji yaliyotulia na yasiyo na adui ni jambo la kufa au kupona kwao. Baridi inapokaribia, makinda huondoka pamoja na wazazi wao, hupita baridi pamoja nao, na hurudi kaskazini pamoja nao. Kwa njia hii kinda hufundishwa vituo vyote vya safari, kama mtoto anayefuatana na baba yake njia ya sokoni. Ukiwapa wazazi kituo kimoja cha salama, mwakani watarudi na wanao, na wale wana watakuja na wana wao. Miner hakuwa na maneno ya kitaalamu ya kueleza hayo, lakini aliyaona kwa macho.

Hapo likazaliwa swali ambalo ndilo lililompa jina katika elimu ya ndege. Kila mwaka theluji ilipoyeyuka ndege walikuja Kingsville, wakala, wakaondoka kwenda kaskazini. Kabla ya baridi wakatokea tena, wakaondoka kwenda kusini. Waliokwenda kusini walikwenda wapi? Waliokwenda kaskazini walizalia wapi? Tena, aliyewaona mwaka huu alijuaje kuwa ni wale wale wa mwaka jana? Watu walikuwa na majibu mengi, na karibu yote yalikuwa ya kukisia.

Mwaka 1909 Miner alichukua kipande cha alumini, akakikunja kuwa pete, akaandika juu yake kwa mkono anwani yake ya posta ya Kingsville, Ontario. Pete hiyo akamfunga mguuni bata mweusi wa porini aliyezoea kula kwake, ambaye nyumbani walimpa jina la Katie. Katie akaruka akaenda zake. Mwezi wa Januari, 1910, barua ikafika Kingsville kutoka mji wa Anderson, jimbo la South Carolina. Daktari mmoja wa huko alikuwa amempiga bata yule, akaikuta pete, akaisoma, akaandika barua kwa anwani iliyokuwa juu yake.

Ukichukua ramani na rula, utaona ya kuwa Anderson iko zaidi ya maili 500 kutoka Kingsville, karibu kusini sawasawa. Jambo ambalo watu walikuwa wamelibishania, pete moja ililijibu.

Haki yataka niseme ya kuwa Miner hakuwa mtu wa kwanza duniani kumfunga ndege pete. Sifa ya kuanzisha kazi hii kwa utaratibu hupewa mwalimu mmoja wa shule wa mji wa Viborg, Denmark, jina lake Hans Christian Mortensen, ambaye mwaka 1899 alianza kuwavika ndege pete za alumini zenye namba na anwani. Waalimu wetu watafurahi kusikia hivyo. Na katika Marekani yenyewe wengine walikuwa wamekwisha jaribu. Lakini Miner hakujua habari za Denmark, na hakuna aliyemfundisha. Na pete ya Katie huhesabiwa kuwa miongoni mwa za kwanza katika bara lile kuonyesha mwanzo na mwisho wa safari ya ndege mmoja.

Mwaka 1915 alianza kuwavika pete bukini. Kumshika bukini wa porini si kazi ndogo, maana ni ndege mwenye nguvu na bawa lake likikupiga utalikumbuka. Miner alijenga kizimba kikubwa cha wavu juu ya maji, akatia mahindi ndani, akawaacha ndege waingie na kutoka kwa siku nyingi mpaka wakazoea. Siku aliyotaka, aliangusha mlango. Kila ndege akashikwa, akafungwa pete, akaachiliwa.

Mwaka huo huo aliongeza jambo jingine. Upande mmoja wa pete palikuwa na anwani, na upande wa pili palikuwa patupu. Akiwa mtu wa dini, na akiisha kuona kifungu cha Biblia kilichochapishwa katika kalenda ya ukutani, akaona afadhali upande ule mtupu nao uchukue neno. Tangu hapo kila pete ya Miner ilikuwa na maneno machache ya Maandiko. Wataalamu wengine walitabasamu. Walakini maneno hayo yalifanya kazi ambayo hata yeye hakuitazamia.

Upande wa mashariki wa Ghuba ya Hudson na Ghuba ya James, zaidi ya maili 800 kaskazini ya Kingsville, waliishi Wacree na Wainuit, ambao chakula chao kikubwa katika majira fulani kilikuwa nyama ya bukini. Wakaanza kuona pete za chuma cheupe miguuni mwa ndege waliowaua. Hawakuzitupa. Wakampelekea mmisionari wa Kianglikana aliyekuwa akikaa nao, Bwana W. G. Walton, awasomee. Yeye akasoma, akakuta Maandiko Matakatifu yaliyoletwa na ndege kutoka angani, na nyuma yake anwani ya mtu asiyemjua. Pete zikakusanywa, zikafika kwa Miner. Kama zingekuwa na namba tupu, pengine nyingi zingebaki huko huko zikawa mapambo.

Hapo ramani ikakamilika. Upande mmoja, pete zilirudi kutoka pwani za Ghuba za Hudson na James, ambako bukini wale walizalia. Upande wa pili, zilirudi kutoka majimbo ya kusini na mashariki ya Marekani, walikopita baridi. Kingsville ilikuwa kituo katikati. Jambo la maana kuliko yote lilikuwa hili: ndege wale hawakuwa mali ya mji wala ya jimbo wala ya nchi moja. Bukini mmoja aliweza kuzaliwa katika nchi ya Wacree, akala mahindi ya Ontario, akauawa South Carolina. Kama kila mtu katika njia yake atachukua kiasi anachotaka, hakuna ajuaye wengine wamechukua kiasi gani.

Mwaka 1916 Marekani na Uingereza, kwa niaba ya Kanada, zilitia sahihi mkataba wa kuwalinda ndege wanaohama. Mkataba ule ulikataza mawindo katika majira ambayo mabata hurudi kaskazini kuzaa. Sitasema ya kuwa ulitokana na pete za Miner, maana watu wengi walikuwa wakiufanyia kazi. Lakini pete za namna yake ndizo zilizoonyesha kwa nini sheria ya nchi moja haitoshi. Mwaka 1920 serikali ya Marekani ikachukua kazi ya pete mikononi mwake, na Bwana Frederick Lincoln akaiongoza. Kwa kupanga maelfu ya pete zilizorudi, mwaka 1935 Lincoln alieleza ya kuwa mabata wa bara lile hufuata njia kuu nne za angani. Mpaka leo sheria za uwindaji za huko hupangwa kwa kufuata njia hizo nne.

Pete ina upungufu wake, na mwanafunzi mwangalifu atauona. Katika siku za Miner ilirudi karibu kila mara kwa sababu aliyeivaa amekufa, tena kwa mkono wa mtu aliyeweza kuandika barua na akataka kuandika. Ndege aliyekufa kwa ugonjwa kinamasini hakutuma habari. Kwa hiyo ramani ya pete ni ramani ya ndege, na pia ni ramani ya wawindaji. Miner, ambaye kila mwaka aliwaomba watu wapunguze kuua, alitegemea bunduki zao ili apate kujua. Lakini kutokana na hilo wataalamu walipata kipimo kizuri: ukijua umefunga pete ngapi na ngapi zimerudi katika mwaka mmoja, waweza kukadiria sehemu gani ya kundi inauawa.

Pengine wasomaji wengine watadhani mambo haya ni ya ng'ambo tu. Sivyo. Kuanzia Novemba hivi mpaka Machi, katika maziwa kama Naivasha na Nakuru, mabata waliozaliwa Ulaya na Asia hukaa pamoja na mabata wetu wenyeji, na baadhi yao huweza kuwa na pete. Tena tangu mwaka 1969 ndege wadogo wanaohama wamefungwa pete kwa maelfu huko Ngulia, katika mbuga ya Tsavo. Mwanafunzi atakayemwokota ndege aliyekufa mwenye pete mguuni na aandike namba yote na maneno yote bila kuacha hata herufi moja, pamoja na tarehe na mahali, ampe mwalimu wake habari ipelekwe makumbusho. Mahali fulani yuko mtu anayeingojea.

Turudi Kingsville. Mahindi ya maelfu ya ndege si bei ndogo, na Miner hakumtoza mtu kiingilio hata senti moja. Alipata fedha kwa kwenda huku na huko Kanada na Marekani akitoa hotuba, kwa lugha ya mkulima, yenye vichekesho na makosa ya sarufi, na kumbi zilijaa. Mwaka 1923 akatoa kitabu juu ya ndege wake, naye alikuwa amejifunza herufi miaka isiyozidi 25 nyuma. Matajiri na watu mashuhuri walimtembelea, akiwamo Henry Ford mwenye viwanda vya magari. Mwaka 1931 marafiki wakaanzisha shirika la kuendesha kazi yake. Siku ya Jumapili alifunga lango, hata mgeni awe nani.

Lakini si kila mtu alimsifu, na gazeti la shule likieleza sifa tupu litakuwa limewapunja wasomaji. Miner aliwachukia ndege wanaokula ndege wengine. Mwewe, kipanga, bundi na kunguru, kwake wote walikuwa wauaji. Akawatega na kuwapiga risasi, na aliwahimiza watu nchi nzima kufanya hivyo. Wataalamu walimpinga vikali, na mmoja wao ni Percy Taverner wa makumbusho ya taifa mjini Ottawa. Walikuwa wamepasua matumbo ya mwewe na bundi wengi na kukuta ya kuwa wengi wao hula panya kuliko kuku au bata, basi mkulima anayewaua anawaua wasaidizi wake. Miner hakukubali. Alisema aliyoyaona kwa macho yake yanamtosha, na wakulima wengi walimsadiki yeye kuliko watu wa makumbusho.

Kwa maoni yangu, wataalamu walikuwa na haki, na kosa la Miner lilikuwa kubwa kwa sababu sauti yake ilikuwa kubwa. Juu ya safari za bukini hakukubali kukisia. Alingoja pete zirudi. Juu ya mwewe hakuuliza swali lo lote. Alimwona mmoja akimla bata aliyemlisha kwa mkono, akahukumu ukoo mzima.

Walikuwa na neno jingine la kumlaumu, nalo ni gumu zaidi. Kwa kuwalisha ndege mahali pamoja aliwakusanya maelfu katika shamba dogo. Mpaka wa shamba ulipokwisha, wawindaji walikuwa wakingoja, na bukini aliyetoka kula kwa amani aliruka juu ya bunduki zao. Wengine wakasema kimbilio lake limekuwa chambo. Miner naye alijibu kwa hesabu ya ndege waliorudi kila mwaka, wakizidi kuliko mwaka uliotangulia. Walio na kazi ya kulinda mabata mpaka leo hubishana juu ya jambo hili: kama ni afadhali kuwalisha ndege mahali pamoja, au kuwaachia vinamasi vingi vidogo ambamo hujitafutia wenyewe. Siku hizi wengi wao huegemea vinamasi, maana ndege waliosongamana huambukizana magonjwa upesi.

Aliendelea pia kutumia pete zake mwenyewe wakati serikali ilipokuwa na utaratibu wa pete za namba, na jambo hilo liliwaudhi wanaotaka hesabu zote ziwekwe pahali pamoja. Hata hivyo daftari zake zilikuwa zimetunzwa, na baada ya kufa kwake wataalamu walizitumia katika uchunguzi wa bukini wa sehemu za mashariki.

Mwaka 1943 Mfalme George wa Sita alimpa nishani ya OBE kwa kazi yake. Miner alikufa Kingsville tarehe 3 Novemba, 1944, akiwa na umri wa miaka 79, katika majira yale ambayo bukini wa Ghuba ya Hudson hushuka kuelekea kusini. Mwaka 1947 Bunge la Kanada lilipitisha sheria ya kuweka kila mwaka juma moja la wanyama na ndege wa porini, nalo ni juma lenye tarehe 10 Aprili, siku aliyozaliwa. Mwanawe Manly akaendelea kutupa mahindi na kufunga pete.

Bukini wa Kanada aweza kuishi zaidi ya miaka 20. Kwa hiyo pete ambazo Mzee Miner alizifunga katika siku zake za mwisho ziliendelea kuruka angani, na kurudi kwa posta mpaka Kingsville, miaka mingi baada ya mwenye anwani kuzikwa.